Sura ya Saba: Mche Bila Mizizi

Tarehe 20 Desemba 1893, mjini Bristol, Uingereza, daktari Watson-Williams alichinjiwa kondoo. Karamu haikuwapo. Wodini alikuwa amelala kijana wa miaka 15 aliyekondeshwa na kisukari, na zama zile kisukari cha mtoto kilikuwa na mwisho mmoja tu. Miaka minne nyuma, huko Strasbourg, Oskar Minkowski na Joseph von Mering walikuwa wamemtoa mbwa kongosho, wakamwona akipata kisukari. Watson-Williams akapiga hesabu nyepesi: ikiwa kukosa kongosho kunaleta ugonjwa, basi mgonjwa apewe kongosho. Akachukua vipande vya kongosho la kondoo yule, vingali na joto, akavishona chini ya ngozi ya kijana. Sukari kwenye mkojo ilipungua kwa muda mfupi. Siku ya tatu kijana akafa.

Hesabu ya daktari ilikuwa sahihi, ila ilikatika njiani. Hakujiuliza kipande kile, kikishashonwa, kitapata wapi hewa na chakula, na mwili wa kijana utakipokeaje. Insulini ilikuja mwaka 1922 kule Toronto, ikawafufua watoto waliokuwa wakisubiri kufa, na wengi wakadhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Sindano humweka mtu hai, lakini haifanyi kazi ya kongosho, kwa sababu haijui mtu amekula nini wala amekimbia kiasi gani. Ndiyo maana wazo la Bristol halikuzikwa pamoja na yule kijana.

Katika Kiswahili neno kupandikiza lilikuwa la mkulima kabla halijawa la daktari. Aliyewahi kuinama kwenye majaruba ya Mbarali au Mwea anajua linabeba nini. Mche ukitolewa kitaluni, hata ukishikwa kwa upole namna gani, mizizi yake midogo hubaki kwenye tope. Siku tatu nne za mwanzo hupauka na kunyong'onyea, na shamba zima huonekana kama limekufa. Maji yakikauka siku hizo, msimu umekwenda. Ukivuka wiki, mizizi mipya imeshika na mche unasimama. Madaktari wanaopandikiza seli za kongosho wana shida hiyo hiyo, isipokuwa shamba lao lina walinzi waliofunzwa kung'oa kila mche mgeni.

Miche yenyewe ni midogo mno. Mwaka 1869 mwanafunzi wa udaktari mjini Berlin, Paul Langerhans, akiwa na miaka 21, aliviona kwenye darubini vifungu vya seli vilivyojitenga na nyama nyingine ya kongosho. Alivieleza kwa uangalifu na kukiri kwamba hajui vina kazi gani. Baadaye vikaitwa visiwa vya Langerhans. Kongosho ni nyama laini iliyolala nyuma ya tumbo la chakula, na karibu yote hutengeneza maji ya kuyeyushia chakula. Ndani yake, kama chembe za iliki ndani ya andazi, vimetawanyika visiwa hivyo, takriban milioni moja, vingi vikiwa na upana wa sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ukivikusanya vyote havifikii uzito wa kijiko cha chai cha sukari. Lakini vinaishi kitajiri. Ni asilimia moja au mbili tu ya kongosho, ila hupewa kama sehemu ya kumi ya damu yake au zaidi, kwa sababu seli zinazotengeneza insulini, zile ziitwazo beta, zinakula sana oksijeni na sharti zionje damu kila dakika ili zijue sukari iko wapi. Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili huzigeukia seli hizi za nyumbani kana kwamba ni adui na kuziua.

Kuvitoa visiwa hivyo kwenye kongosho la marehemu aliyejitolea ni kazi ya saa nyingi usiku kucha, na inafaa kuitazama kwa karibu, maana madhara yanaanzia hapo. Kongosho hufika maabara likiwa ndani ya barafu. Mtaalamu huingiza kwenye mfereji wake maji yenye kolajenasi, kimeng'enya kinachoyeyusha gundi inayoshikanisha seli, mpaka nyama inavimba na kukakamaa. Huikata vipande na kuitia kwenye chombo cha chuma chenye gololi ndani na chujio juu. Chombo hiki alikibuni Mwitaliano Camillo Ricordi akiwa St. Louis, Marekani, na njia yake ikachapishwa mwaka 1988. Maji ya uvuguvugu hupitishwa, chombo hutikiswa, gololi zinagongagonga, nyama inasambaratika polepole. Kila baada ya dakika chache mtu huchota tone, hulitia rangi iitwayo dithizoni, na kulitazama kwa darubini. Rangi hiyo hushika madini ya zinki, na zinki imejaa kwenye seli za insulini, kwa hiyo visiwa huwaka vyekundu kama damu ya mzee kati ya nyama iliyopauka. Hapo ndipo uzoefu unapohitajika. Ukisimamisha mapema, visiwa bado vimenasa. Ukichelewa, kimeng'enya kinaanza kula visiwa vyenyewe. Baadaye kila kitu huzungushwa kwa kasi kwenye mashine inayotenganisha vizito na vyepesi, kama mama anavyopepeta mchele kwenye ungo.

Kinachobaki ni vijiko viwili vya chai vya tope, na kila kisiwa ndani yake kimekatwa mishipa yote ya damu kiliyokuwa nayo.

Kinapelekwa wapi? Mwaka 1973 kundi la Paul Lacy, pale pale St. Louis, lilijaribu sehemu mbalimbali za mwili wa panya na kuona kwamba ini linafaa kuliko nyingine. Lilikuwa chaguo lenye akili. Ini ndilo mteja mkubwa wa insulini, na mshipa mkuu unaoliletea damu kutoka utumboni unafikika bila kumpasua mtu. Mgonjwa hulazwa macho, hupigwa ganzi ubavuni kulia, sindano ndefu hupenya ini mpaka kwenye mshipa huo. Mfuko wa visiwa hutundikwa kwenye nguzo kama dripu ya kawaida, vikateremka kwa uzito wao wenyewe. Haifiki saa moja. Ukimtazama mgonjwa hutasema amepandikizwa kitu.

Kwa miaka mingi matokeo yalikuwa ya kuvunja moyo. Kisha Julai 2000, James Shapiro na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta, mjini Edmonton, Kanada, wakatangaza wagonjwa saba, wote saba wameacha insulini. Walikuwa wameacha kutumia dawa za steroidi, ambazo zenyewe huharibu seli za beta, na kila mgonjwa walimpa visiwa vya zaidi ya kongosho moja. Wagonjwa hao walichaguliwa kwa sababu maalumu. Mwenye kisukari wa kawaida sukari ikishuka hutoka jasho, hutetemeka, akajua atafute soda. Hawa mwili ulikuwa umeacha kuwaonya. Mtu yuko jikoni au yuko kwenye usukani, mara ameanguka. Kwa mtu wa namna hiyo, kumeza dawa kali maisha yake yote ni biashara inayolipa.

Magazeti yakaandika kwamba tiba imepatikana. Mwaka 2006 yakachapishwa matokeo ya vituo tisa vya Amerika Kaskazini na Ulaya vilivyojaribu njia ya Edmonton kwa watu 36. Baada ya mwaka mmoja, 16 walikuwa wameacha insulini. Kati ya hao 16, baada ya mwaka wa pili, walibaki watano. Edmonton wenyewe, walipojumlisha wagonjwa 255 wa miaka 20, walikuta asilimia 61 hawachomi insulini mwaka wa kwanza, 32 mwaka wa tano, 20 mwaka wa kumi. Nisieleweke vibaya, wengi ambao walirudi kwenye sindano bado walikuwa na visiwa vichache vilivyo hai, na vichache hivyo viliwakinga wasianguke ghafla. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu aliyekuwa akiogopa kulala. Lakini miche ilikuwa inakufa, na watu walitaka kujua inafia wapi.

Jibu la kwanza lilitoka Uppsala, Sweden, na liliwashtua wengi kwa sababu halikuhusu miaka wala miezi. Lilihusu dakika. Olle Korsgren, Bo Nilsson na wenzao walichukua mpira mwembamba wenye damu ya binadamu, wakautia visiwa, wakaunganisha ncha zake uwe duara, wakauzungusha kwenye joto la mwili. Muda mfupi tu damu ilikuwa imeganda kuvizunguka visiwa, na seli nyeupe zimeshaanza kupenya ndani. Ukifikiri kidogo unaona kwa nini. Katika kongosho, damu haigusi kisiwa moja kwa moja. Hupita ndani ya vishipa vyenye utando wake. Sasa kisiwa kimetupwa kitupu katikati ya mto wa damu, na juu ya ngozi yake kuna protini ile ile ambayo damu huikuta mtu akijikata kidole. Damu inaona jeraha, inafanya kazi yake. Watafiti wanakadiria kwamba nusu ya seli, pengine zaidi, hupotea siku za mwanzo, kabla kinga haijatambua kuwa wamekuja wageni. Ndiyo maana leo heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, huchanganywa humo humo kwenye mfuko wa visiwa.

Vinavyonusurika vinakaa wiki mbili hivi bila mishipa, vikinyonya oksijeni inayopenya kutoka pembeni. Kisiwa kikubwa ndicho kinachopata shida zaidi, kwa kuwa katikati yake hewa haifiki.

Halafu inakuja kinga, kwa njia mbili. Kuna kinga inayomkataa mgeni yeyote, kama inavyokataa figo la mtu mwingine. Na kuna ule ugomvi wa zamani, zile seli nyeupe zilizoua beta za mwenyewe tangu utotoni, ambazo hazijasahau. Dawa za kuzituliza zipo, takrolimasi na sirolimasi zikiwa maarufu, lakini takrolimasi huumiza figo na huumiza seli za beta, na sirolimasi imewajaza wagonjwa vidonda vya mdomoni. Mtu anampulizia mche dawa ya kuzuia wadudu huku dawa yenyewe inachoma majani.

Ushahidi kwamba kinga na dawa zake ndiyo mzigo mkubwa unapatikana Minnesota. Mwaka 1977, David Sutherland na John Najarian walianza kuwatoa kongosho lote wagonjwa wenye maumivu sugu ya kiungo hicho, wakavichuja visiwa, na kuwarudishia wenyewe kwenye ini. Mwenye mali karudishiwa mali yake, hakuna dawa ya kushusha kinga. Visiwa hivyo, mara nyingi vichache kuliko anavyopewa mgonjwa wa kisukari, vimedumu miaka mingi. Novemba 2009 askari kijana wa Marekani aliyepigwa risasi Afghanistan alifikishwa hospitali ya Walter Reed, mjini Washington, kongosho lake likiwa halifai tena. Likasafirishwa kwa ndege hadi Miami kwa Ricordi, likachujwa usiku, visiwa vikarudishwa Washington na kuingizwa kwenye ini lake. Vikafanya kazi.

Lakini wengi wa wenye kisukari hawana visiwa vyao vya kurudishiwa. Kwao ni lazima mgeni, na mgeni lazima alindwe. Wazo la kwanza lililowajia watu ni lile linalomjia kila mwenye shamba, yaani kujenga ukuta.

Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun walichapisha makala ambayo mpaka leo inatajwa. Walichukua alginati, utomvu unaopatikana kwenye mwani wa kahawia, wakachanganya na visiwa vya panya, wakadondosha tone baada ya tone kwenye maji yenye kalsiamu. Kila tone likigusa maji yale hukaza papo hapo na kuwa kidonge chororo kinachopitisha nuru, kama punje ya sagu iliyoiva, na kisiwa kinaonekana ndani kama mbegu. Matundu ya kidonge ni madogo kiasi kwamba glukosi inaingia, insulini inatoka, lakini seli nyeupe haipiti. Panya wenye kisukari waliodungwa vidonge hivyo tumboni walikaa na sukari nzuri kwa wiki mbili hadi tatu, bila dawa yoyote ya kinga.

Msomaji wa Paje au Jambiani ambaye mama yake analima mwani asianze kupiga hesabu za bei. Mwani unaofungwa kambani Zanzibar ni wa jamii ya wekundu, nao hutoa karajinani, ile inayokoleza maziwa ya kopo na dawa ya meno. Alginati hutoka kwa jamii ya kahawia. Huko kwetu jamii hiyo ipo, ni ule unaotupwa ufukweni na mawimbi na watu wanaukanyaga.

Mwaka 1993, Los Angeles, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, Patrick Soon-Shiong, alimpa binadamu vidonge vya alginati vyenye visiwa. Miezi tisa baadaye mgonjwa alikuwa hachomi insulini. Dunia ilifurahi, ila kulikuwa na jambo dogo ambalo wengi hupenda kuliruka: mgonjwa huyo alikuwa ameshapandikizwa figo, kwa hiyo dawa za kushusha kinga alikuwa anazimeza tangu awali. Ukuta haukupimwa peke yake.

Ulipopimwa, tatizo lilitokea mahali ambapo hawakulitazamia. Seli nyeupe kweli hazikupita. Hazikuhitaji kupita. Mwili ukikuta kitu kigeni usichoweza kukimeza, hufanya anachofanya chaza anapoingiwa na kitu kama hicho, hukifunika tabaka juu ya tabaka. Chaza anatoa lulu, sisi tunatoa kovu. Kidonge kikishavikwa kovu, oksijeni haiingii, na kisiwa ndani kinakufa kwa kukosa pumzi huku ukuta wake ukiwa mzima kabisa. Nadhani hiki ndicho kisa cha kusikitisha kuliko vyote katika sura hii, na kimejirudia kwa miaka 40 kwa majina tofauti.

Watu hawakukaa bure. Kampuni moja ya Israel ilitengeneza kisahani cha kupachikwa chini ya ngozi chenye chumba cha oksijeni ambacho mgonjwa anakijaza kila siku kupitia vali, kama mtu anayejaza upepo baiskeli. Mgonjwa mmoja mjini Dresden alikaa nacho miezi kumi, visiwa vikiwa hai na vikitoa insulini kidogo. Uppsala walipokijaribu kwa watu wanne, chombo kilikuwa salama, seli hazikufa zote, ila sukari ya wagonjwa haikubadilika. Huko MIT, Massachusetts, kundi la Robert Langer na Daniel Anderson lilipima mamia ya aina za alginati zilizobadilishwa kikemia, likapata chache ambazo mwili wa nyani haukuzivika kovu sana. Waligundua pia jambo ambalo nisingelikisia: kidonge kikubwa, cha milimita moja na nusu, huvikwa kovu haba kuliko kidonge kidogo. Mwaka 2016 walieleza panya waliokaa siku 174 na sukari nzuri, wakitumia seli za binadamu ndani ya vidonge hivyo. Panya, hata hivyo, ameponywa kisukari mara nyingi mno. Mtafiti yeyote mkweli atakwambia hivyo kabla hujamuuliza.

Katikati ya hayo, tatizo la upungufu wa makongosho likaanza kufumbuliwa kwa njia nyingine. Douglas Melton wa Harvard, baba wa watoto wawili wenye kisukari cha aina ya kwanza, alitumia zaidi ya miaka ishirini kujifunza namna ya kuzigeuza seli shina ziwe seli za beta, na mwaka 2014 akaonyesha kwamba zinaweza kutengenezwa kwa mamilioni ndani ya chupa. Kampuni ya Vertex ya Boston ikaichukua kazi hiyo na kuifuatisha kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Njia ya kwanza, seli tupu, bila kinga yoyote ya kubuni, zinamiminwa kwenye ini na mgonjwa anameza dawa. Ya pili, seli za aina ile ile ndani ya kisanduku kinachopachikwa mwilini, bila dawa.

Sijui kama kuna jaribio lingine katika fani hii lililolinganisha mambo mawili kwa uwazi hivyo. Machi 2025 kampuni ilitangaza kwamba kisanduku kinasimamishwa. Kilikuwa salama, lakini insulini iliyotoka haikufikia kiwango cha kumfaa mgonjwa. Miezi mitatu baadaye, Juni 2025, matokeo ya njia ya kwanza yakachapishwa: kati ya watu 12 waliopewa dozi kamili mara moja, 10 walikuwa hawatumii insulini baada ya mwaka. Seli zilizotupwa mtoni bila nguo zilishinda, zilizowekwa nyumbani zikadhoofika. Ila wale kumi wanaendelea kumeza dawa za kushusha kinga, na daktari hatampa dawa hizo mtoto wa miaka minane ambaye sindano zinamtosha. Hivyo ushindi huo, mkubwa kama ulivyo, bado umefungwa kwa watu wachache ambao hali yao imekuwa mbaya sana.

Kwangu mimi ndipo hapa wazo la ukuta lilipofikia mwisho wake. Kinachokuja ni kingine, nacho kinaturudisha Uppsala.

Karibu kila seli ya mwili wako imevaa kitambulisho nje, protini zinazosema ni mali ya nani. Seli nyeupe za kukagua husoma kitambulisho hicho. Kikiwa cha mtu mwingine, zinaua. Unaweza kukiondoa kwa kukata jeni zinazokitengeneza. Lakini mwili una askari wa aina nyingine, wakali, ambao hawasomi jina. Wao humkamata yeyote asiyekuwa na kitambulisho kabisa, kwa kuwa virusi na saratani hupenda kukificha. Basi watafiti waliongeza kitu kingine, jeni ya protini iitwayo CD47, ambayo juu ya seli inafanya kazi kama neno la siri la kumwambia askari apite. Kampuni ya Sana ya Seattle ilishirikiana na daktari Per-Ola Carlsson wa Uppsala. Visiwa vya marehemu mmoja vikakatwa jeni hizo, vikaongezewa ile nyingine, na mwishoni mwa 2024 vikadungwa mara 17 kwenye msuli wa mkono wa mwanamume wa miaka 42 aliyeugua kwa miaka 37. Hakupewa kidonge hata kimoja cha kushusha kinga.

Kazi ya kuhariri jeni haikamiliki kwa kila seli, na hilo liligeuka bahati. Kwenye mkono ule ule zilikuwamo seli ambazo hazikubadilika, seli zilizopoteza kitambulisho lakini hazikupata neno la siri, na seli zilizokamilika. Makala iliyochapishwa Agosti 2025 inaeleza kwamba damu ya mtu huyo iliziua zile za aina ya kwanza, ikaziua za aina ya pili, na haikuzigusa za tatu. Wiki ya 12 seli hizo zilikuwa bado zinatoa insulini kila alipokula.

Dozi ilikuwa ndogo kwa makusudi, maana lengo lilikuwa usalama. Insulini ile haimtoshi, na bado anajidunga sindano. Na kuna swali ninaloliona zito kuliko la dozi: seli isiyoonekana na kinga, siku ikigeuka saratani au ikiingiwa na virusi, nani ataiona? Wanaofanya kazi hiyo wanalijua, na baadhi wanatafuta namna ya kuitia seli swichi ya kuizima kwa dawa. Jibu litahitaji miaka na watu wengi zaidi ya mmoja.

Naandika haya nikiwafikiria wasomaji wenye watoto wanaochomwa insulini Tanzania, Kenya na Uganda, ambako kwa sasa kinachomwokoa mtoto ni chupa ya insulini isiyokatika dukani na mahali penye ubaridi pa kuiweka. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini katika joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, na mwaka 2021 wakaonyesha kwamba ikishafunguliwa inaweza kutumika wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, bila kupoteza nguvu. Kwa mama asiye na friji, matokeo hayo yana thamani leo hii kuliko kila kitu nilichosimulia hapo juu.

Wakati huo huo kuna watu mitandaoni wanauza vidonge na matone wanayoyaita ya seli shina, wakiahidi kuponya kisukari kwa mwezi. Umeona seli hai zinavyotunzwa, kwenye barafu, kwa darubini, kwa saa, na bado nusu hufa zikiingia kwenye damu. Ukikutana na muuzaji wa namna hiyo, muulize seli zake zinaishije ndani ya chupa ya dukani, na zikifika tumboni nani anazilinda. Kisha urudi nyumbani ukampige mtoto sindano yake ya jioni.